Nilivyokusanya majina ya waliokitumikia Chuo cha Storer

Chuo cha Storer, kilichoanzishwa Marekani kwa ajili ya watu waliotoka utumwani, kilifungwa mwaka 1955. Kanisa letu la Kibaptisti lilipoamua kufanya ibada ya kuwaenzi waasisi na wafanyakazi wake, hapakuwa tena na ofisi ya kupigia simu kuomba orodha. Kazi ya kutafuta majina niliibeba mimi.

Waasisi hawakunisumbua. John Storer, mfanyabiashara wa jimbo la Maine, aliahidi dola 10,000 kwa sharti kwamba Wabaptisti wa Freewill, tawi mojawapo la Wabaptisti, nao wachange kiasi hicho, na shule ipokee watu bila kujali rangi wala jinsia. Mchungaji Nathan Brackett akaifungua shule hiyo mwaka 1867 pale Harpers Ferry, West Virginia, katika nyumba iliyochakazwa na vita, wengi wa wanafunzi wake wakiwa wametoka utumwani juzijuzi. Frederick Douglass, mpinga utumwa mashuhuri aliyezaliwa mtumwa, alikuwa mjumbe wa bodi ya wadhamini ya chuo, na mwaka 1881 alihutubia hapo kuhusu John Brown, aliyeshika silaha pale Harpers Ferry kupinga utumwa. Nnamdi Azikiwe, ambaye baadaye aliiongoza Nigeria, alisoma hapo miaka ya 1920. Yeye nilimwacha nje kwa kuwa hakuwa mwajiriwa, ingawa moyo ulisita.

Kazi ilikuwa kwa wapishi, wafuaji, matroni na watunza majengo. Vitabu vya mwaka vya chuo vinataja walimu na masomo yao. Aliyepika uji wa asubuhi hatajwi. Nilianza na vitabu hivyo hivyo, nikanakili kila jina pamoja na mwaka, kisha nikahamia kwenye sensa. Marekani hufungua karatasi za sensa baada ya miaka 72, kwa hiyo ile ya 1950 imekuwa wazi tangu 2022. Mtu akiwa na subira ya kusoma mwandiko wa makarani, mtaa kwa mtaa, safu ya kazi humwambia nani alikuwa mpishi na nani alikuwa mlinzi, na mara nyingine kwamba aliajiriwa chuoni. Picha nazo zilisaidia: Chuo Kikuu cha West Virginia kimeweka picha nyingi za Storer mtandaoni. Jina la kwenye maelezo ya picha sikuliingiza mpaka nilione mahali pengine pia, maana maelezo ya picha huandikwa na watu waliokuja baadaye.

Nilipopeleka rasimu kwa wazee wa kanisa, mmoja aliisoma yote akanyamaza kidogo.

“Mwanangu, umewapanga kwa alfabeti. Mfadhili yuko chini ya mfuaji?”

“Ndiyo, mzee.”

“Bila zile dola elfu kumi kungekuwa na nguo za kufua?”

Hoja yake ilikuwa nzito. Nikamjibu kwamba fedha za Storer zilikuwa na sharti, na sharti lilitimizwa na makanisa yaliyochangishana, yaani watu ambao hata sisi hatutawataja. Tukakubaliana: Storer asomwe kwanza, sharti lake lisomwe pamoja naye, kisha wengine wote kwa alfabeti, vyeo vikitajwa baada ya jina. Kwa mpangilio huo Henry McDonald, aliyeongoza chuo kuanzia 1899 hadi 1944, na Richard McKinney, mkuu wa kwanza mweusi, walisomwa katikati ya watu wa jikoni. Mimi naona ndivyo ilivyopasa. Bweni lisilo na mpishi hufungwa kabla ya darasa lisilo na mwalimu.

Mzee alidai pia isemwe kwa nini chuo kilikufa. Tuliliweka kwa sentensi mbili: mwaka 1954 Mahakama Kuu ilipiga marufuku ubaguzi katika shule za umma, na jimbo likasitisha ruzuku yake kwa Storer. Vijana walishangaa kwamba habari njema kiasi kile iliweza kuwaachisha watu kazi.

Waliobaki bila jina, wale ambao kumbukumbu zinasema tu kwamba kulikuwa na matroni mwaka fulani, tuliwasoma kwa kazi na mwaka. Msomaji aliagizwa asiwaharakishe.