Fomu iliyosema "tumepokea"

Wiki hii nimekuwa nikisoma msimbo wa programu ulioandikwa na mtu mwingine, na bado haujanitoka kichwani. Mama mmoja wa Shela, Lamu, mwenye nyumba ya wageni ambayo tovuti yake naitunza, alinipigia simu kulalamika. Wageni wanafika wakiapa kwamba walishatuma picha za pasipoti zao kwenye fomu ya kuweka nafasi, naye kwake haoni kitu. Wengine wanamwonyesha simu, na kweli skrini imeandika: "Asante, tumepokea."

"Sasa mwanangu, nani mwongo hapa?"

"Si wewe mama, na si wao. Nipe muda niifungue hiyo programu-jalizi niisome."

Nikaisoma. Programu-jalizi ni programu ndogo inayoongezwa kwenye tovuti, na hii ya kwake, inayopokea fomu, imeandikwa kwa PHP, lugha ya programu inayofanya kazi kwenye seva, yaani kompyuta inayoihifadhi tovuti. PHP ikipokea faili kutoka kwenye kivinjari, huiandikia taarifa zake: jina, aina, ukubwa, mahali ilipowekwa kwa muda, na namba ya kosa. Namba hiyo ikiwa 0, faili imefika salama. Ikiwa 1, imezidi kikomo cha seva, na kikomo chenyewe, kama hakuna aliyekigusa, ni megabaiti 2. Picha ya simu ya siku hizi hupita hapo bila jasho. Ikiwa 3, faili imefika nusu, jambo ambalo mtu anayejaza fomu akiwa kwenye boti kutoka Mokowe, mtandao ukija na kuondoka, anaweza kulipata kirahisi. Na fomu nzima ikizidi kikomo chake, ambacho kwa kawaida ni megabaiti 8, hata namba ya kosa haiji. PHP inakabidhi fomu tupu, kana kwamba mgeni hakujaza chochote.

Mwandishi wa programu-jalizi ile hakuitazama namba ya kosa popote. Msimbo wake unaamuru faili ihamishwe, haungoji kujua kama imehama, kisha unamshukuru mgeni. Msimbo wa namna hii mwenyewe akiujaribu ofisini kwa picha ndogo na mtandao mzuri, unafanya kazi vizuri kabisa. Kwangu mimi ubora wa msimbo unaopokea faili hauonekani pale faili inapofika. Unaonekana pale isipofika: je, aliyetuma anaambiwa ukweli, na kwa maneno anayoweza kuyafanyia kazi?

Nikadhani nimemaliza, kumbe hilo ndilo lilikuwa dogo.

Faili ilikuwa ikihifadhiwa kwa jina lilelile alilolituma mgeni. Simu ya iPhone, mtu akipiga picha papo hapo kutoka kwenye kivinjari, mara nyingi huituma kwa jina la image.jpg. Mgeni wa pili akifanya vivyo hivyo, faili yake inaifuta ya wa kwanza kimyakimya, kwa sababu amri ya PHP ya kuhamisha faili iliyopakiwa haiulizi kama jina limeshatumika. Nilipofungua folda nikaikuta image.jpg moja tu, ya mgeni wa mwisho. Tena folda yenyewe ni ya hadhara. Yeyote anayebahatisha anwani anaifungua pasipoti ya mtu, jina, namba na tarehe ya kuzaliwa, bila kuingia popote kwa nywila. Hapo niliingiwa na hofu ya kweli. Pasipoti ya mgeni ni amana, na mama yule anaijua amana kuliko mimi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 nayo inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde, na asikae nazo kupita haja iliyomfanya azichukue.

Kulikuwa na ukaguzi mmoja tu: aina ya faili lazima iwe picha. Lakini aina hiyo inasemwa na kivinjari cha anayetuma, na anayetuma anaweza kuandika atakalo. Mzigo ukishushwa gatini umeandikwa "vyombo" ubavuni, huapi kuwa ndani mna vyombo mpaka uufungue. Mtu akituma faili ya PHP na kuiita picha, msimbo ule ungeipokea, ungeiweka kwenye folda ya hadhara kwa jina lake la PHP, na angebaki kuifungua tu ili seva imtii.

Hili si la kufikirika. Septemba 2020 programu-jalizi ya WordPress (mfumo wa kujengea tovuti, ambao ndio unaoendesha na tovuti ya mama) iitwayo File Manager, iliyokuwa kwenye tovuti zaidi ya 700,000, ilishambuliwa kwa sababu faili ya mfano iliyotoka kwenye elFinder, msimbo uliokwisha andikwa ili wengine wautumie, ilikuwa imebadilishwa jina ikaishia na .php, ikaweza kuendeshwa kwenye seva na yeyote. Desemba ya mwaka huohuo Contact Form 7, programu-jalizi ya fomu yenye watumiaji zaidi ya milioni 5, ilibidi itoe toleo la 5.3.2 kuziba tundu la majina ya faili yenye herufi za hila.

Kinachonisikitisha ni kwamba WordPress imeshaifanya sehemu kubwa ya kazi hii. Kuna amri yake iitwayo wp_handle_upload, inayoangalia namba ya kosa, inayolinganisha aina na yaliyomo, na inayotafuta jina lisilogongana. Mwandishi aliiruka akaandika njia yake ya mkato.

Sehemu hiyo nimeiandika upya. Kila kosa sasa lina ujumbe wake, kwa Kiswahili, Kiingereza na Kiitaliano. Jina la mgeni la faili silitumii tena. Naunda jina la nasibu, na faili inakaa nje ya folda ambayo seva inaionyesha kwa umma. Picha ya JPEG huanza na baiti FF D8 FF, lakini sikutosheka na hilo, maana faili inaweza kuanza vizuri na kubeba msimbo ndani yake. Kwa hiyo kila picha naifungua kwa GD, zana ya PHP ya kushughulikia picha, na kuichora upya, kisha ile ya asili naitupa. Faida nyingine ni kwamba taarifa za mahali picha ilipopigwa zinaondoka. Ila na alama ya upande wa juu wa picha nayo huondoka, pasipoti zikawa zinalala ubavu, ikabidi niisome alama kwanza na kuizungusha picha kabla ya kuichora. Kila faili inafutwa yenyewe mgeni akishaondoka. Mwandishi wa awali nimemtumia mabadiliko yote pamoja na maelezo, hajajibu bado.

Kilichobaki ni PDF. Mawakala wa safari hupenda kutuma pasipoti za kundi zima kwenye PDF moja, na PDF siwezi kuichora upya kwa GD kama picha. Kwa sasa nimeiondoa kwenye orodha ya zinazokubaliwa. Wakala akiituma, fomu inamwambia wazi kuwa haikupokelewa, na inamwomba alete picha moja moja.