Kitabu cha mvua kisomwe mvua ikinyesha

Mwanangu wa kwanza alipokuwa na miaka minne, nilimnunulia kitabu cha picha kwa wauza vitabu vya mtumba, Posta. Kilieleza misimu ya mwaka: miti inapukutika majani, theluji inaanguka, watoto wamevaa glavu. Nilimsomea mwezi wa nne, mvua za masika zimeshika na uani maji yametuama. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza, "Mama, msimu wa matope uko ukurasa gani?"

Haukuwepo. Tangu siku hiyo nachagua vitabu kwa kufuata majira ya kwetu Dar es Salaam: masika ya Machi hadi Mei, kipupwe cha katikati ya mwaka, vuli ambayo mwishoni hutuletea embe, halafu joto la kaskazi.

Madukani sikupata vingi vya namna hiyo kwa Kiswahili. Nyingi za hadithi zetu nimezipata African Storybook, mtandaoni, ambako ni bure na inaruhusiwa kuzichapa. Nazichapa stesheneri na kuzibana pini. Kabla ya kuchapa naangalia picha tu, bila kusoma. Kama picha yenyewe hainiambii ni mvua au kiangazi, maneno hayatamsaidia mtoto wa miaka mitatu. Kisha najisomea kwa sauti. Kiswahili kilichotafsiriwa vibaya kinakwama mdomoni, na hicho sikichukui hata kama picha ni nzuri kiasi gani.

Hadithi ya chura niliificha tangu Januari. Niliitoa usiku mmoja wa Aprili, umeme umekatika, tunasomea tochi ya simu. Mvua ilikuwa inapiga bati mpaka nikawa napaza sauti. Ilipopungua, vyura wakaanza kule mtaroni. Mdogo akaweka kiganja juu ya picha, akanyoosha kidole dirishani: "Huyo hapo!" Nikaacha kusoma, tukawasikiliza. Asubuhi alikuta jongoo kwenye ngazi, akakimbilia kitabu ili amwonyeshe.

Vya Ramadhani nimevitenga, kwa sababu mfungo hautulii msimu mmoja; kila mwaka unatangulia siku 10 au 11. Humo natafuta daku, futari na watu wanaongoja mwezi uandame. Navitoa Shaabani ikielekea ukingoni, na baada ya Idi vinarudi kwenye ndoo yenye mfuniko, maana unyevu na mchwa havina huruma na karatasi. Wanangu huvililia, lakini sivitoi. Vikikaa miezi bila kuonekana, wanavipokea kama vipya.

Kile cha theluji bado tunacho. Tunakisoma Januari, siku tunayoongea na mama yao mdogo aliyeko Kanada. Yeye anageuza simu kuelekea dirishani, na mkubwa anafungua ukurasa wa glavu, anausogeza karibu na kioo cha simu kulinganisha.