Agile ya vikao tulikuwa nayo, ya kwenye msimbo nilijifunza baadaye

Ukiwauliza vijana wanaoandika programu hapa Dar es Salaam kama timu yao inafanya Agile, ule mtindo wa kutengeneza programu kwa hatua ndogondogo, wengi watajibu ndiyo, na watakuonyesha ubao. Vikaratasi vya njano vipo, kikao cha asubuhi cha kusimama kipo, sprinti, yaani kipindi cha kazi cha wiki mbili, ipo. Timu yetu nayo ilikuwa hivyohivyo. Tunatengeneza mfumo wa SACCOS: akiba, hisa, mikopo, marejesho yanayolipwa kwa simu. Vikao vilikwenda vizuri, hata chai ilikuwa haichelewi. Lakini kila tukipeleka toleo jipya kwa wateja, jioni simu zinaanza kuita. Rejesho la mwanachama limeingia mara mbili. Taarifa ya mwezi haisomani na daftari. Kitu ambacho hakuna aliyekigusa kimekufa chenyewe.

Kilichonifungua macho ni kusoma Agile ilikotoka. Februari 2001 watu 17 walikutana Snowbird, kwenye milima ya Utah huko Marekani, wakaandika lile tamko maarufu la Agile. Wengi wao walikuwa wanaandika programu kwa mikono yao. Kent Beck alikuwa ametokea kwenye mradi wa mishahara wa kampuni ya magari ya Chrysler, ambako miaka ya 1990 yeye na wenzake, akiwemo Ron Jeffries, walijenga utaratibu wa kazi ulioitwa Extreme Programming: andika jaribio kwanza (programu ndogo inayoikagua programu yenyewe), fanyeni kazi wawiliwawili, unganisheni kazi kila siku, safisha msimbo, yaani maandishi ya programu, kila unapopita. Scrum, utaratibu wa Agile ambao timu nyingi zinaufuata, haikugusi huko. Inakupangia vikao na majukumu, namna ya kuandika msimbo inawaachia wenye kazi. Na katika kanuni 12 zinazofuatana na tamko, ya tisa inataka ubora wa kiufundi uangaliwe muda wote. Sisi tulibeba vikao tukaiacha hiyo, na sidhani kama tuko peke yetu.

Nikaamua nijifunze huo ufundi. Jambo la kwanza nililofanya, na ningemshauri yeyote afanye hivyo, ni kutoanzia kazini. Kazini kuna presha, kuna mteja, kuna msimbo wa zamani usioshikika. Unahitaji mazoezi madogo yasiyo na thamani yoyote, ya kutupa. Wenye fani wanayaita kata, jina walilolitoa kwenye karate. Nilianza na lile la FizzBuzz, la kuhesabu namba na kubadili zinazogawanyika kwa 3 au 5 kuwa maneno, ambalo kila mtu analicheka, nikalirudia jioni baada ya jioni, nikilifuta kila nikimaliza. Utaratibu ni mmoja: andika jaribio dogo, liangalie likifeli, andika msimbo mchache tu wa kulipitisha, halafu safisha huku majaribio yote yakiwa ya kijani, yaani yanapita. Kinachosumbua ni kujizuia. Mkono unataka kuandika suluhisho zima kwa mpigo, na zoezi zima ni kuukataza.

Mkono ulipozoea nikachukua kipande cha kazi yetu wenyewe, nikakifanya pembeni: kugawa mkopo katika marejesho ya kila mwezi. Nitakieleza kwa kirefu, maana hapa ndipo nilipoelewa.

Jaribio la kwanza: mkopo wa shilingi 1,200,000 kwa miezi 12, riba tumeiweka kando. Kila rejesho liwe 100,000. Linafeli, kwa kuwa msimbo haupo. Naandika kugawanya kwa kawaida, linapita. Jaribio la pili: mkopo wa 1,000,000 kwa miezi 12. Ukigawa unapata 83,333 na senti, na senti nani anazilipa siku hizi? Ukizikata, 83,333 mara 12 ni 999,996. Shilingi 4 zimekwenda wapi? Kabla ya kuandika jaribio sikuwahi kujiuliza, na mfumo wetu nao haukuwa umejiuliza. Kwa hiyo jaribio likasema kanuni yenyewe: jumla ya marejesho yote iwe sawasawa na mkopo. Suluhisho likawa rejesho la mwisho libebe salio, 83,337. Jaribio la tatu likahusu tarehe. Mkopo umetolewa tarehe 31 Januari. Februari haina 31, rejesho linaangukia 28. Sasa programu ikipata tarehe inayofuata kwa kuongeza mwezi mmoja juu ya 28 Februari, Machi nayo inakuwa 28, Aprili 28, hivyohivyo hadi mwisho. Mwanachama aliyeambiwa alipe mwisho wa mwezi analipa tarehe 31 Machi, na mfumo unamwandika amechelewa siku 3. Dawa ni kuhesabu kila tarehe kuanzia siku ya mkopo, usihesabu kutoka rejesho lililotangulia.

Majaribio matatu, msimbo usiojaza hata ukurasa, na tayari malalamiko mawili ya wateja niliyokuwa nayafahamu kwa majina nimeyaona yanakotoka. Hapo ndipo niliacha kuona majaribio kama kazi ya ziada. Ukiandika jaribio kwanza unalazimika kuuliza swali la biashara kabla hujajificha nyuma ya kibodi.

Kurudi kwenye mfumo wenyewe ndiko kulikokuwa na kazi. Huko hakukuwa na jaribio hata moja, na kipande cha msimbo cha kukokotoa riba kilikuwa kirefu, kimejaa masharti ndani ya masharti, na aliyekiandika alishahama. Hapa alinisaidia Michael Feathers, ambaye mafundisho yake juu ya msimbo wa zamani ni maarufu sana. Kwake yeye, msimbo wowote usio na majaribio ndio msimbo wa zamani, hata kama umeandikwa jana. Njia yake ni kwamba usianze kurekebisha. Anza kwa kurekodi kile ambacho msimbo unafanya sasa, kiwe sahihi kiwe kibovu. Unaupa mkopo wa aina hii, unaandika jibu lililotoka, unaligeuza kuwa jaribio. Unaupa wa aina nyingine, vivyo hivyo. Baada ya muda umeuzungushia uzio, na sasa unaweza kupanga upya ndani bila kuogopa.

Katika kurekodi tukagundua kwamba skrini ya mkopo inakata senti kwenda chini, na taarifa ya mwezi inazipandisha juu. Kijana mmoja wa timu akataka arekebishe palepale. Nikamwambia tuache, tumuulize mwenye kazi kwanza. Nikampigia mhasibu wa mmoja wa wateja wetu, mama mtu mzima.

“Shikamoo mama. Samahani, kwenye taarifa ya mwezi huwa kuna tofauti ya shilingi moja moja?”

“Marahaba mwanangu. Hiyo shilingi moja unayoiita moja ndiyo inanikalisha ofisini hadi saa mbili usiku kila mwisho wa mwezi. Naitafuta kwa mkono, mkopo kwa mkopo.”

Hakuwahi kuripoti. Alidhani mifumo ndivyo ilivyo.

Kuunganisha kazi kulikuwa na ubishi wake. Kila mtu alikuwa na tawi lake, yaani nakala yake ya msimbo, kwenye Git, programu ya kutunza matoleo ya msimbo, analikalia sprinti nzima, siku ya mwisho tunayaunganisha yote na kugombana hadi usiku. Tukakubaliana kila mmoja aingize kazi yake kwenye shina kuu, nakala ya wote, angalau mara moja kwa siku, hata kama haijakamilika, ilimradi majaribio yote yapite na kitufe chake kisionekane kwa mteja. James Shore, mwandishi wa mambo ya Agile, aliwahi kueleza kwamba hata seva ya gharama huhitaji: kompyuta ya zamani, kuku wa mpira na kengele ya mezani vinatosha. Mwenye kuku ndiye anayeingiza kazi, wengine wanangoja. Sisi hatukuwa na kuku, tukachukua mwiko wa jikoni kwa dada anayetupikia. Alikuja kuudai mara kadhaa. Baadaye tukaweka Jenkins, programu inayoendesha majaribio yenyewe kila kazi inapoingia, kwenye kompyuta ya mezani iliyokuwa imetelekezwa, tukaiunga na betri ya akiba kwa ajili ya umeme kukatika, mwiko ukarudi jikoni. Kuiweka kwenye mtandao wa ndani ya ofisi kulitufaa kuliko huduma ya wingu, kwa kuwa intaneti ikilala majaribio yanaendelea.

Ila kuna kitu ambacho hakisemwi vya kutosha: majaribio yakiwa ya polepole, watu wanaacha kuyaendesha. Kent Beck alipendekeza ujenzi mzima, yaani kuikusanya programu na kuendesha majaribio yote, usizidi dakika 10. Ya kwetu yalianza kuburuta kwa sababu kila moja lilikuwa linagonga hifadhidata halisi. Tulilazimika kuchomoa hesabu za riba na marejesho zikae peke yake, zisijue kama hifadhidata ipo. Na hapo muundo wa mfumo ukaboreka, ingawa hatukuwa tumekaa kikao cha muundo.

Kufanya kazi wawili kwenye kompyuta moja ndiko kulikonipa shida nyingi, na shida yenyewe ni ya kwetu zaidi kuliko ya kitaalamu. Vitabuni wanasema mmoja awe dereva, mwingine mwelekezaji, mbadilishane. Sawa. Lakini mweke kijana aliyetoka chuo juzi na mtu anayemwita kaka mkubwa, uone kama atamwelekeza. Anakaa kimya, anaitikia “sawa mkuu”, na hitilafu anaiona inapita mbele ya macho yake. Nilimuuliza mmoja baadaye kwa nini hakusema. Akajibu, “Nilidhani una sababu yako, bro.”

Kilichosaidia ni mchezo wa kupokezana. Kijana anaandika jaribio linalofeli, mkubwa anaandika msimbo wa kulipitisha, kisha mkubwa anaandika jaribio na kijana analipitisha. Sasa kijana halazimiki kumwambia mtu amekosea. Anaandika jaribio la tarehe 31 Januari, anaisukuma kibodi, skrini inakuwa nyekundu. Heshima imebaki, hoja imefika. Tulipozoea hivyo, midomo nayo ikafunguka yenyewe. Siku hizi kuna binti mmoja kwenye timu ambaye ukikaa naye unajua utatoka jasho. Pia hatukai wawili siku nzima, inachosha mno. Tunakaa kwa mambo ya fedha na kwa msimbo ambao mtu mmoja tu ndiye anaujua. Kubadilisha rangi ya kitufe kila mtu afanye mwenyewe.

Bosi aliuliza swali ambalo kila bosi huuliza: hayo majaribio mteja anayalipia? Sikubishana naye kwa nadharia. Nilifungua daftari, nikawa naandika kila saa tunayotumia kurekebisha vitu baada ya toleo kutoka, pamoja na nauli za kwenda kwa mteja. Nikamwachia mezani. Mazungumzo ya pili yalikuwa mafupi. Tangu hapo majaribio hayapewi mstari wake kwenye makadirio, yamo ndani ya kazi kama vile kufunga zipu kulivyo ndani ya kushona suruali.

Ngumu iliyobaki ni upande wa malipo ya simu. Taarifa ya malipo inaweza kuja mara mbili kwa muamala uleule, pale mtandao unapochelewa kupata jibu letu na kurudia kutuma. Tumeandika jaribio: namba ileile ya risiti ikija tena, ipokelewe kwa adabu, ijibiwe kwamba imefika, salio lisiguswe. Linapita. Lakini zikija mbili kwa wakati mmoja kabisa, kila moja inaikuta risiti haipo na zote zinaingia. Jaribio la kawaida halilioni hilo. Tumeweka sharti ndani ya hifadhidata kwamba namba ya risiti isijirudie, na yule binti anatengeneza seva ya bandia itakayotupiga kwa taarifa pacha makusudi. Taarifa za kuchapisha bado hazina majaribio kabisa, hizo tunaziwekea moja moja kila mteja anapoomba mabadiliko.