Kifyatulio laini na shabaha ya bunduki yangu ya .22

Kwa muda mrefu niliilaumu darubini ya kulengea kila nilipokosa shabaha, ilhali kosa lilikuwa katika kifyatulio cha bunduki yangu ya .22 (kipimo cha mtutu kwa inchi) ya kujipakia yenyewe, ambacho kilikuwa kizito na chenye mkwaruzo, kiasi kwamba mtutu ulisogea kabla risasi haijatoka. Katika shabaha ya mita 50, ambapo duara la alama kumi lina kipenyo cha milimita 10.4 tu, msogeo mdogo wa kidole hauna msamaha.

Sikukigusa mwenyewe. Nilimpelekea fundi wa silaha mwenye leseni, kwa sababu kifyatulio kilicholegezwa kupita kiasi huweza kuilipua risasi bila mtu kukusudia, na hilo katika bunduki inayojipakia ni hatari isiyovumilika.

Hata hivyo, naamini kubadili risasi zenyewe kulinisaidia zaidi. Risasi za kasi kubwa hutoka zikiwa na mwendo unaozidi wa sauti, kisha hupungua njiani na kuyumbishwa zinapoupita mpaka huo. Zile za kasi ya kawaida, takriban mita 330 kwa sekunde, huepuka tatizo hilo, na ni vyema kuujaribu mtutu kwa aina kadhaa, kwani kila mtutu una chaguo lake.

Hapa Mombasa, hewa ya chumvi huleta kutu upesi, kwa hiyo mimi hupaka mafuta membamba kila nirudipo kutoka uwanjani, na msimu wa kusi huufuatilia upepo kwa kitambaa chepesi kilichofungwa kwenye kijiti.