Sabufa ya inchi 12 katika nyumba ya matofali ya saruji: kumbukumbu ya mradi wangu, Dodoma

Sebule ninayoizungumzia iko Ilazo, jijini Dodoma. Urefu wake ni mita 5.2, upana mita 4 na kimo mita 2.8. Kuta ni za matofali ya saruji yaliyopigwa plasta, sakafu ni ya vigae, dari ni ya jipsamu, na juu ya dari kuna mabati. Nimeanza na vipimo hivi kwa sababu ndivyo vilivyoamua matokeo kuliko wati zilizoandikwa kwenye katoni, na atakayetaka kufuata nilichofanya itambidi aanze kwa kupima chumba chake mwenyewe.

Sababu ya kubadilisha

Mfumo wa zamani una risiva ya chaneli 5.1, spika mbili za mbele, moja ya katikati, mbili za nyuma, na sabufa ya inchi 8 iliyokuja pamoja na seti. Mazungumzo ya filamu yalisikika vizuri, ila chini ya hezi 45 hivi (yaani mitetemo 45 kwa sekunde) hapakuwa na kitu. Ile nukta moja katika 5.1, mpangilio uliosambaa majumbani baada ya Dolby Digital kuingia kwenye kumbi za sinema mwaka 1992, ni chaneli ya sauti nzito peke yake: hubeba masafa hadi hezi 120, na imetengewa desibeli 10 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) zaidi ya chaneli nyingine. Sabufa ndogo huelemewa hapo hata kama spika nyingine zote ziko katika raha zao.

Kuongeza sauti kwenye rimoti hakusaidii, kwani ili koni, ile sehemu ya spika inayotetemeka, itoe hezi 20 kwa nguvu ileile inayotoa hezi 40, inapaswa kusukuma hewa mara nne zaidi. Eneo la koni ya inchi 12 ni mara mbili na robo ya koni ya inchi 8, na bado inahitaji kwenda mbele na nyuma kwa umbali mrefu zaidi bila kukwaruza.

Maduka mengi ya hapa mjini yana sabufa zilizoandikwa wati 10,000 za PMPO, yaani nguvu ya kilele inayodaiwa na muuzaji. Mimi maandishi hayo siyahesabu kabisa. PMPO haina kanuni moja ya upimaji inayokubalika, na plagi ya ampea 13 kwenye umeme wa volti 230 haipitishi kwa mfululizo zaidi ya wati 3,000 hivi, kwa hiyo mnunuzi anaweza kujiuliza hizo elfu saba nyingine zinatoka wapi. Namba ya kutafuta ni ya RMS, yaani nguvu inayotolewa kwa mfululizo. Niliyoichagua ina ampu (kikuza sauti) ya wati 300 za RMS, na kabati lake lina tundu lililopangwa kufanya kazi karibu na hezi 20. Kabati lililofungwa kabisa hupoteza sauti taratibu kadiri unavyoshuka, kwa desibeli 12 hivi kila oktavi, yaani kila masafa yanapopungua kwa nusu. Lenye tundu hushikilia nguvu hadi kwenye masafa ya tundu lake, kisha huanguka kwa desibeli 24. Kwa filamu nilipendelea la pili, nikakubali ukubwa wake.

Ilinunuliwa Kariakoo, ikapakiwa kwenye basi, nikaipokea stendi ya Nzuguni. Katoni lilikuwa na vumbi la njia nzima lakini halikubonyea popote.

Mahali pa kuiweka

Hii ndiyo sehemu iliyokula muda mwingi, na ningeshauri iwe hivyo kwa kila mtu. Hewa ikiwa na nyuzi joto 25, sauti husafiri takribani mita 346 kwa sekunde. Ukigawa namba hiyo kwa mara mbili ya urefu wa chumba, unapata masafa ambayo wimbi lake hutoshea kati ya kuta mbili na kujirudia juu yake lenyewe. Kwangu yalitoka hezi 33 kwa urefu, 43 kwa upana na 62 kwa kimo. Kwenye kuta zenyewe sauti ya masafa hayo huvimba, na katikati kati ya kuta hizo hufifia mpaka karibu kutoweka.

Kochi lilikuwa katikati kabisa ya urefu wa chumba, kwa kuwa meza ya chakula iko nyuma yake. Maana yake ni kwamba hezi 33 zilikuwa zinapita bila sisi kuzisikia, hata sabufa ingekuwa kubwa kama jokofu. Nilipopima kwa programu ya bure ya kupimia sauti iitwayo REW na maikrofoni ya vipimo ya UMIK-1 niliyoazima kwa rafiki, shimo lilionekana waziwazi kwenye mchoro. Jambo lililonishangaza zaidi lilikuwa tofauti ya viti vya kochi lilelile. Sabufa ikiwa kwenye kona ya mbele, anayekaa upande wa dirishani alipata hezi 43 zilizozidi jirani zake kwa desibeli zaidi ya 10, ilhali anayekaa katikati, umbali usiozidi hatua mbili, alikosa masafa hayo kabisa. Ndiyo maana nyumbani kwangu kila mtu alikuwa na maoni yake kuhusu besi, na kila mmoja alikuwa anasema kweli.

Kona huongeza sauti bure, lakini huamsha mawimbi yote ya chumba kwa pamoja. Ili kupata mahali pengine nilitumia njia ya kubadilishana nafasi: sabufa inapandishwa juu ya kochi, unacheza wimbo wenye gitaa la besi linalopanda na kushuka, kisha unatambaa kando ya kuta ukisikiliza kichwa kikiwa karibu na sakafu, na pale ambapo noti zote zinalingana ndipo sabufa itakapokaa. Mke wangu aliuliza kama nimepoteza sindano. Sehemu iliyojitokeza ni kwenye ukuta wa mbele, mita 1.4 kutoka ukuta wa kushoto. Hesabu inaafiki, kwa sababu kadiri sabufa inavyoelekea katikati ya upana ndivyo inavyoshindwa kuliamsha wimbi la hezi 43. Katikati kabisa kungekuwa bora zaidi, ila hapo ndipo ilipo kabati ya televisheni. Kochi nimelirudisha hadi mita 3.6 kutoka ukuta wa mbele na meza ya chakula imesogea upande wa jikoni, jambo lililohitaji mazungumzo marefu kuliko bei ya sabufa yenyewe.

Ushauri mwingi unaopatikana mtandaoni umeandikwa kwa ajili ya nyumba za Marekani, ambako kuta ni fremu za mbao zilizofunikwa kwa bodi za jipsamu. Ukuta wa namna hiyo hupinda kidogo sauti nzito inapougonga, na hivyo huimeza sehemu yake. Tofali la saruji halipindi. Huirudisha karibu yote ndani. Faida yake ni kwamba sabufa ya kawaida hapa inasikika kubwa, na hasara ni kwamba noti haikatiki kwa wakati. Mapazia mazito na godoro lililosimamishwa kwenye kona, nilivyovijaribu vyote viwili, hupunguza mwangwi wa sauti nyembamba tu, kwani robo ya wimbi la hezi 33 ni zaidi ya mita mbili na nusu, na hakuna godoro la unene huo. Kilichosaidia kidogo ni kuacha wazi mlango wa korido.

Kulinganisha na spika nyingine

Spika zote nimeziwekea krosova, yaani mpaka ambao chini yake sauti hupelekwa kwenye sabufa, ya hezi 80 kwenye risiva, na kitufe cha krosova kilicho nyuma ya sabufa nimekizungusha hadi mwisho, maana vichujio viwili vikipandana huacha pengo. Umbali wa sabufa hadi kochini kwa futi kamba ni mita 3.9, lakini besi ilishikana vizuri na spika za mbele nilipoiandikia risiva mita 5.1. Sabufa za kisasa huchakata sauti kidijitali kabla ya kuitoa, na ucheleweshaji wa milisekunde tatu na nusu ni sawa na zaidi ya mita moja ya hewa. Njia ya kupata namba hiyo ni kucheza mlio wa hezi 80 kwenye sabufa na spika ya mbele kwa pamoja, ukabadilisha umbali kidogo kidogo mpaka sauti iwe kubwa kuliko zote.

Ikwalaiza, yaani kupunguza au kuongeza masafa fulani pekee, ilikuja mwisho kabisa. Nimekata hezi 62 kwa desibeli 5 na hezi 43 kwa 4. Mashimo yaliyobaki sikuyajaza, kwani kuongeza nguvu mahali ambapo wimbi linajifuta lenyewe ni kuichosha ampu bila kupata chochote.

Mlio wa hezi 50

Baada ya kuunganisha kila kitu ulisikika mlio mdogo usiokoma, hata filamu ikiwa imesimamishwa. Nilichomoa waya mmoja baada ya mwingine, na ulipotoka waya wa dishi kwenye king'amuzi, mlio ukakatika. Dishi lina njia yake ya kwenda ardhini kupitia nguzo ya chuma, risiva ina ya kwake kupitia soketi, na njia mbili hizo zikitofautiana umeme kidogo hutembea kwenye waya wa sauti na sabufa huucheza kwa uaminifu. Nimesikia watu wakishauri kung'oa mguu wa ardhi kwenye plagi. Mguu huo ndio unaozuia mtu kupigwa na shoti, usiguswe. Mimi nimehamishia vifaa vyote kwenye soketi moja na nimemwita fundi umeme akague fimbo ya ardhi.

“Kaka, kiangazi cha hapa udongo unakauka mpaka chini,” alisema, “fimbo ikiwa fupi ni kama haipo.”

Aliongeza fimbo ndefu zaidi, akaizungushia mkaa na chumvi kama mafundi wengi wa huku wanavyofanya, na akaagiza pamwagiwe maji miezi ya ukame. Mlio umebaki mdogo kiasi kwamba huusikii mpaka uweke sikio kwenye koni.

Vinavyotetemeka

Kila nyumba ina vitu vinavyosubiri noti yao. Nilicheza mlio unaopanda taratibu kutoka hezi 20 hadi 100 na kuzunguka na kalamu. Vioo vya kabati ya vyombo viliitika kwenye hezi 38, grili ya dirisha la kulia kwenye 47, na kipande cha dari karibu na taa kwenye 55. Vioo vimewekewa vipande vya kitambaa kizito, grili imekazwa skrubu, na dari imerudishiwa misumari na fundi wa jipsamu. Mabati yalikuwa magumu zaidi kwa sababu huwezi kujua ni bati lipi mpaka upande. Tatizo lilikuwa misumari miwili iliyopoteza mipira yake kwa jua. Chini ya sabufa yenyewe, ili isitembee kwenye vigae, nimeweka soli nne za katambuga zilizokatwa na fundi viatu wa soko la Sabasaba. Mpira wa tairi unafaa kwa kazi hii kuliko nilivyotarajia.

Jirani

Upande wa mashariki anaishi mzee mstaafu wa reli. Nilikwenda kumwamkia na kumuuliza kama tunamsumbua.

“Marahaba, mwanangu. Muziki wenyewe siusikii,” alisema, “ila kabati langu linaitikia.”

Simu niliyokuwa nikipimia uani ilikuwa imeonyesha sauti ndogo sana, na sababu yake inafaa kujulikana. Programu nyingi za simu hupima kwa mizani ya A, inayofuata sikio la binadamu kwenye sauti ndogo, na mizani hiyo hupunguza hezi 50 kwa desibeli 30 na hezi 31.5 kwa karibu 40. Mizani ya C ndiyo inayoonyesha besi karibu kama ilivyo. Tulikubaliana na mzee kwamba baada ya saa tatu usiku sabufa inashuka kwa desibeli 8 na mlango wa korido unafungwa, na siku iliyofuata alithibitisha kwamba kabati limenyamaza.

Ilivyo sasa

Filamu zinaridhisha, lakini kipimo ninachokiamini zaidi ni ngoma za Wagogo. Muheme unaopigwa na akina mama ulikuwa ukisikika kama debe. Sasa pigo lina mwanzo, tumbo na mwisho, na ngoma ndogo hazizami ndani ya kubwa. Ilimba, ala ya Wagogo ya vibao vya chuma vinavyopigwa kwa vidole gumba, hunisaidia kwa njia nyingine: noti zake za chini zinapita eneo la krosova, na kama sabufa haijalingana na spika, sikio hugundua mara moja kwamba noti moja imetoka sakafuni na nyingine imetoka mbele. Hivi sasa zote zinatoka mbele.

Umeme haujawa mzigo, kwani kwa matumizi ya kawaida ampu inakula wastani wa makumi machache ya wati, na saa mbili za filamu hazifikishi hata robo ya uniti ya LUKU. Vumbi ndilo linalohitaji nidhamu. Upepo wa Julai hadi Septemba hupeleka vumbi jekundu kila mahali, kwa hiyo sabufa hufunikwa kwa kitenge mchana na tundu hupanguswa kwa brashi laini kila wiki.

Kilichobaki ni hezi 33, ambazo bado zinavuma kwa muda mrefu kuliko ninavyotaka. Dawa yake ni sabufa ya pili ya aina hiihii, kwenye ukuta wa nyuma ikitazamana na ya mbele, ili mawimbi ya urefu yanayoanzishwa na moja yafutwe na nyingine. Nimeshapima njia ya waya: mita 9, kupitia juu ya dari. Meza ya chakula, hata hivyo, itabidi isogee tena.