Jedwali la Maji Kujaa

Mwalimu wetu wa fizikia alikataa katakata tushike boriti kabla jedwali halijakamilika. Ilikuwa Jumamosi ya bamvua, siku ambazo maji hujaa na kupwa kupita kawaida, mwezi umetoka tu kukamilika, na sisi wa kidato cha pili tulishajaa gatini Lamu tukitamani kuteremka majini. Boriti yenyewe ya mkoko, urefu wake mita nne, tuliipaka rangi nyekundu na nyeupe kwa kupokezana kila sentimita 10. Kazi ilikuwa kuifunga kwenye nguzo ya gati na kusoma maji yanavyopanda, tangu kupwa hadi kujaa. Pwani yetu, siku za bamvua, hiyo huwa ni kama saa nne asubuhi hadi saa kumi alasiri.

"Kwanza jedwali," alisema. "Asiyejua atakachoandika, hajui anachopima."

Masomo ya sayansi tulisomeshwa kwa Kiingereza, lakini jedwali hili lilikuwa la kubandikwa ukutani siku ya wazazi, kwa hiyo alituamuru tuliandike kwa Kiswahili, asomaye asihitaji mtu wa kumweleza. Tukaketi barazani, kila kikundi na karatasi yake.

Alipozikusanya akaziweka mbili pamoja chini, tuzitazame. Kikundi kimoja kiliandika "Saa" juu ya safu ya kwanza, na chini yake 4, 5, 6, mpaka 10. Kingine nacho kiliandika "Saa", kisha 10, 11, 12, 1, mpaka 4. Wote walimaanisha muda uleule. Wa kwanza walihesabu saa za Kiswahili, wa pili za Kizungu. Mwalimu akaweka kidole kwenye 4 ya karatasi ya kwanza, halafu kwenye 4 ya karatasi ya pili. Ya kwanza ilikuwa maji kupwa, ya pili maji kujaa. Na 10 nayo hivyohivyo, imegeuzwa. Yeyote ambaye angechanganya karatasi hizo mbili angepata bahari inayokupwa na kujaa kwa wakati mmoja.

Palizuka ubishi mkubwa, nami niliufurahia sana, kwa sababu kwa mara ya kwanza niliona darasa zima likigombania kichwa cha safu. Mwishowe msichana mmoja wa mtaa wa Langoni akapendekeza tuhesabu kuanzia kwenye maji yenyewe: "Muda tangu maji kupwa (saa)", 0 hadi 6. Pembeni tukaongeza safu ya "Saa za Kiswahili", kila mstari ukitaja asubuhi, mchana au alasiri. Ubishi ukaisha hapo.

Safu nyingine zilikuja kwa haraka. Mashua zinapopita mawimbi huchezesha maji kwenye boriti, basi kila saa tungesoma mara tatu: Kipimo cha 1, cha 2, cha 3, kisha Wastani. Kizio kiliandikwa mara moja tu, juu, "Kimo cha maji (sm)", na ndani ya visanduku nambari tupu. Hadi leo naona uchungu nikikuta jedwali ambalo "sm" imerudiwa kila kisanduku, au mstari mmoja una 1.8 na unaofuata 254, mita na sentimita zimekaa pamoja bila taarifa. Macho hayawezi kulinganisha vitu vya namna hiyo.

Kisha tukapima kwa zamu, jua likituchoma, mmoja akisoma, mwingine akiandika papo hapo. Wastani ulitoka hivi: 38, 60, 109, 180, 254, 300, 323.

Nambari zimepanda, basi. Lakini Mwalimu alituambia tuongeze safu moja zaidi kulia, "Ongezeko kwa saa (sm)", tutoe kila kimo kwenye kinachofuata. Tukapata 22, 49, 71, 74, 46, 23. Hapo nilisimama. Maji hayakuwa yakipanda kwa mwendo mmoja! Yalianza taratibu, yakashika kasi katikati, yakapunguza tena kabla ya kujaa. Jambo hilo lilikuwa limefichika katika safu ya kimo, likajitokeza tulipolipa safu yake.

Ami mmoja nahodha, aliyekuwa akisubiri abiria wa Shela, alikuja kuinama juu ya karatasi. Alisoma vichwa vyote vya safu, polepole, hakuuliza maana ya hata kimoja. Akaweka kidole kwenye 71 na 74.

"Saa hizi mbili mkondo huwa na nguvu," alisema. "Na maji mafu je, wanangu? Mmeyaandika?"

Hatukuwa tumezifikiria siku hizo, ambazo tofauti ya kujaa na kupwa huwa ndogo. Mwalimu akacheka, akatupa karatasi nyingine. Juma lililofuata, mwezi ukiwa nusu, tulirudi na boriti ileile. Maji mafu hujaa mnamo saa nne asubuhi na kupwa alasiri, kwa hiyo mchana kutwa yangekuwa yakishuka. Kabla ya kufunga boriti tukabadili vichwa viwili: "Muda tangu maji kujaa (saa)", na badala ya "Ongezeko" tukaandika "Badiliko kwa saa (sm)", alama ya kutoa ikae mbele ya nambari. Tofauti kati ya kujaa na kupwa siku hiyo haikufika nusu ya ile ya bamvua, na majedwali yote mawili tuliyabandika ukutani yakikabiliana.