Kuvuka Ziwa kwa Njia ya Simu ya Upepo

Tuliliacha Jiwe la Bismarck, jabali la majini pale Mwanza, likipotelea gizani, meli ikashika njia ya Bukoba, ng'ambo ya Ziwa Victoria. Basi lingenifikisha pia, ila nilitaka kupita zilimopita habari za simu ya upepo, yaani telegrafu isiyo na waya, mwaka 1911.

Mwaka huo Wajerumani walikuwa na vituo viwili, kimoja Mwanza, kingine Bukoba. Dar es Salaam ilipata chake 1913. Tumezoea kudhani kila kitu kilianzia pwani, kumbe hapa bara lilitangulia, na sababu ni ziwa lenyewe: nguzo za simu huzisimiki majini, na kulizunguka ni mwendo wa mito na mapori.

Usiku wa manane radi zikaanza. Nilipanda juu kutazama, mbingu ya magharibi ikimwekamweka bila kupumzika, nikamwonea huruma opereta wa zama zile. Mtambo wake ulifanya kazi kwa cheche: akibonyeza kitufe, cheche inaruka, antena iliyoning'inizwa kwenye mlingoti inatoa mawimbi, nukta na vistari vya Morse vinavyosimama badala ya herufi. Tatizo ni kwamba radi nayo ni cheche, tena kubwa kuliko mtambo wowote. Mpokeaji wa ng'ambo alisikia mkwaruzo mtupu, herufi zikimezwa humo. Na Ziwa Victoria ni kati ya sehemu zenye radi nyingi duniani, hasa usiku! Sijui nani alikuwa na subira ya kazi hiyo.

Tukapita Kemondo, kukapambazuka, Bukoba ikatokea chini ya vilima vyake. Kaskazini mwa mji kuna majabali yanayoshuka hadi majini. Huko ndiko Waingereza walikoshukia Juni 1915, katika Vita Kuu ya Kwanza, wametoka Kisumu kwa meli chini ya Brigedia Stewart, shabaha yao ngome ya Wajerumani na ule mlingoti. Walipigana siku mbili. Tarehe 23 mji ukaanguka, kituo kikaharibiwa, nao wakapakia meli wakarudi zao. Hawakuja kukaa.

Kabla ya kuondoka, askari waliruhusiwa kupora. Vitabu vya vita hupenda kusimulia mlingoti ulivyoanguka; uporaji hupewa sentensi moja, pengine kwa mzaha. Nilipokuwa nikipandisha kutoka bandarini kuelekea mjini niliwaza zaidi juu ya wenye maduka wa siku ile, ambao simu ya upepo haikuwa yao wala vita havikuwa vyao.